Ufukwe ni wa umma, mbona tunafungiwa kwa ajili ya ndege?

Msomaji anauliza: "Kila mwaka, msimu wa ndege kuzaliana ukifika, mamlaka ya hifadhi inazungushia kamba sehemu kubwa ya ufukwe ambao nimeutembea tangu utotoni. Hii ni ardhi ya umma na kodi nalipa. Nimesimama kwenye kamba saa nzima sijaona ndege hata mmoja. Je, wana haki ya kutufungia? Na kama kweli ndege hao wako hatarini kutoweka, kwa nini wasituachie tupite kwa uangalifu?"

Ndugu msomaji,

Nianze na ile saa nzima uliyosimama bila kuona kitu, maana hasira za wengi huanzia hapo. Hukuona ndege kwa sababu ndege wanaotaga mchangani wameumbwa wasionekane. Chukua kitwitwi mmoja wa Amerika Kaskazini, ambaye wataalamu humwita Charadrius melodus. Ana uzito wa gramu 50 hivi, mgongo wake una rangi ya mchanga mkavu, na kiota chake ni kishimo tu alichokiparua chini, mara nyingine akakitandika vipande vya kombe. Humo hutaga mayai manne kwa kawaida, nayo pia yana rangi ya mchanga na vidoadoa vyeusi. Unaweza kusimama hatua tatu kutoka hapo, ukayatazama hasa, na usiyaone.

Mayai huatamiwa karibu wiki nne. Vifaranga wakishaanguliwa hawakai kiotani wakingoja kuletewa chakula. Saa chache tu baada ya kutoka kwenye ganda wanatembea, na riziki wanajitafutia wenyewe: wadudu na minyoo midogo kwenye mchanga wenye unyevu karibu na maji. Lakini kuruka hawawezi mpaka zipite takriban wiki nne au tano nyingine. Kwa mwezi mzima, basi, kuna viumbe wenye uzito wa gramu chache wanaovuka ufukwe kwa miguu, kutoka mchanga mkavu hadi ukingo wa maji na kurudi. Wakiona hatari, hujilaza chini na kutulia tuli. Mbele ya kunguru mbinu hiyo inawaokoa, mbele ya gurudumu inawaua. Na hata gari likishapita salama, mfereji unaoachwa na tairi kwenye mchanga laini ni mtego: kifaranga akitumbukia hushindwa kupanda ukingo wake, hukimbia humohumo, na gari linalofuata hupita njia ileile.

Sasa hilo la kupita kwa uangalifu. Siutilii shaka uangalifu wako hata kidogo. Ila tazama kinachotokea hata pale ambapo hakuna aliyekanyaga yai. Ukikaribia, mzazi anaondoka kwenye mayai na kukimbia mbele yako akiburuta bawa kana kwamba limevunjika. Wengi humwonea huruma wakamfuata wakitaka kumsaidia, na hicho ndicho anachokitaka, akupeleke mbali na kiota. Wakati huo mayai yamebaki wazi juani, na fisi-maji hahitajiki wala mbweha kuyaharibu. Joto peke yake linatosha. Vifaranga nao, wakati wamejilaza kwa kukuogopa wewe, hawali. Mtu mmoja akipita mara moja, hasara ni ndogo na ndege hurudi. Tatizo ni kwamba ufukwe wa umma haupitwi na mtu mmoja. Wote waliopita siku hiyo walikuwa waangalifu, kila mmoja alipita mara moja, na ndege ameondolewa kwenye mayai kutwa nzima. Ongeza mbwa wasiofungwa kamba, ambao kwa ndege hawa ni adui mkubwa kuliko mtu, na mabaki ya chakula yanayowaita kunguru na shakwe, wezi wa mayai na vifaranga. Uangalifu wa mtu binafsi hauwezi kutatua jambo linalotokana na wingi wa watu. Ndiyo maana kamba inawekwa.

Kuhusu haki. Ufukwe ni wako, sikatai. Lakini ni wako kwa ubia na kila raia, pamoja na ambao hawajazaliwa, na mamlaka imekabidhiwa kuutunza kwa niaba ya wote hao. Kuingia kwenye ardhi ya umma hakujawahi kuwa bila masharti: njia hufungwa moto unapowaka, daraja linapobomoka, mlima unapoporomoka, na hakuna anayedai ameporwa. Sheria nyingi za kulinda viumbe walio hatarini zinaongeza sharti lingine juu ya hayo. Ya Marekani, iliyotiwa saini Desemba 1973, inakataza kumuua, kumdhuru na hata kumsumbua mnyama aliyemo kwenye orodha ya walio hatarini, na inazitaka taasisi za serikali zihakikishe kwamba shughuli zao haziwasukumi viumbe hao kwenye kutoweka. Uzito wake ulionekana mwaka 1978, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliposimamisha bwawa la Tellico huko Tennessee, lililokuwa limekaribia kukamilika, kwa sababu ya samaki mdogo wa kwenye mto huo. Bunge baadaye lilitoa msamaha maalumu na bwawa likamalizwa mwaka 1979, lakini msimamo wa mahakama kuhusu uzito wa sheria ulibaki. Sheria za nchi nyingine zina maneno yake na makali yake. Hata hivyo, kwa swali lako, jibu fupi ni kwamba mamlaka yenye dhamana ya ardhi ya umma kwa kawaida inaruhusiwa kukuzuia kuingia mahali fulani kwa muda fulani.

Kuruhusiwa kufunga, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba wamefunga vizuri. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya ugomvi huu haisababishwi na ndege wala na watembezi. Inasababishwa na kuchelewa. Mamlaka isipoweka utaratibu mapema, wakati mabadiliko madogo yangetosha, utaratibu huja baadaye kwa nguvu, na unakuja mkali.

Kisa cha Cape Hatteras kinaonyesha hayo waziwazi. Ni msururu wa visiwa vyembamba vya mchanga katika jimbo la North Carolina, uliotengwa na Bunge la Marekani mwaka 1937 kuwa hifadhi ya kwanza ya kitaifa ya pwani. Wenyeji walikuwa wakiendesha magari ufukweni tangu kabla barabara za lami hazijafika. Wavuvi wa mshipi walifikia sehemu zao za kuvulia kwa njia hiyo, na biashara za vijijini zikajengeka juu ya desturi hiyo. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri kwamba taasisi zinazosimamia ardhi ya umma ziweke kanuni za magari yanayoendeshwa nje ya barabara, ili kulinda mazingira na kupunguza migongano kati ya watumiaji. Hatteras ilipaswa kuwa na kanuni yake. Miaka ikapita, miongo ikapita, magari yakaongezeka, kanuni haikukamilishwa. Kitwitwi akaingia kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1986, na bado kanuni haikuwepo.

Mwaka 2007 mashirika ya uhifadhi yalikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata pande husika zilifikia makubaliano yaliyopitishwa na jaji, na masharti yake yakawa mazito: palipokuwa na vifaranga wa kitwitwi wasioweza kuruka, magari yalitakiwa kukaa umbali wa mita 1,000. Kwenye kisiwa chembamba, mita elfu kila upande zinafunga kila kitu. Kamati ya kutafuta mwafaka, iliyowaweka meza moja wavuvi, wafanyabiashara na wahifadhi, ilikaa na ikavunjika bila kukubaliana. Kanuni kamili ilianza kutumika Februari 2012, miaka 40 baada ya amri ya Nixon, ikiwa na vibali vya kulipia na maeneo yaliyogawanywa kati ya magari na waendao kwa miguu. Mwishoni mwa 2014 Bunge likaagiza vipimo vya umbali vipitiwe upya, na baadhi vikapunguzwa.

Wenyeji wa pale walihisi wamefanyiwa ubabe, na siwezi kuwalaumu kwa hisia hiyo. Kizazi kizima kiliambiwa kwa vitendo kwamba kuendesha gari ufukweni hakuna tatizo, kisha ghafla jaji akawa mtunga ratiba ya ufukwe. Lau kazi ingeanza miaka ya 1970, wakati magari yalikuwa machache, watu wangezoea kidogokidogo. Ninaposikia mamlaka yoyote ikisema inaahirisha uamuzi ili isiwaudhi watumiaji, nakumbuka Hatteras.

Utaniuliza kwa nini mita 1,000, kiasi kikubwa hivyo. Jibu lake limefichika kwenye mwongozo wa shirika la serikali ya Marekani la samaki na wanyamapori kwa ajili ya kitwitwi huyu. Kwa watembeao kwa miguu, mwongozo unapendekeza eneo la mita 50 kuzunguka kiota. Kwa magari, palipo na vifaranga, ni mita 1,000, lakini umbali huo unaweza kupungua hadi mita 200 pakiwa na watu wanaowafuatilia vifaranga kwa karibu kila siku na kujua walipo. Ndege ni yuleyule na hatari ni ileile. Kinachobadilika ni kama kuna mtu anayejua vifaranga wako wapi leo asubuhi. Asipokuwepo, ni lazima ufunge kila mahali wanapoweza kufika kwa miguu. Kwa maneno mengine, zile mita 800 mnazogombania zinaweza kurudi kwa mshahara wa mfuatiliaji mmoja au wawili. Mara nyingi tunapolaumu sheria kwa kufunga eneo kubwa, tungepaswa kuuliza bajeti ya ufuatiliaji iko wapi.

Upande wa pili wa bara lilelile kuna mahali palipofanya vizuri mapema. Coal Oil Point, karibu na Santa Barbara katika jimbo la California, ni ufukwe unaotumiwa na wanafunzi, wakimbiaji, wachezaji wa mawimbi na wenye mbwa. Aina nyingine ya kitwitwi, aliyeingia kwenye orodha mwaka 1993, alikuwa akija pale wakati wa baridi lakini alikuwa ameacha kuzaliana hapo kwa takriban miongo mitatu. Mwaka 2001 wasimamizi waliweka kamba kwenye sehemu ya mchanga mkavu ambako ndege hukusanyika, wakaacha ukanda wa mchanga wenye unyevu kando ya maji wazi kwa watu, na wakaweka wajitoleaji wa kusimama pale kuzungumza na wapitao. Sheria ya mbwa kufungwa kamba ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuikumbusha kwa upole. Usumbufu ulipungua sana, na ndege wakaanza kuzaliana tena. Ufukwe haukufungwa. Ulipangwa upya, kila mtu akabaki na njia ya kupita.

Jambo linalonivutia katika kisa hiki ni wale wajitoleaji. Bango halijibu swali. Mtu mwenye darubini anakuambia, "Njoo uangalie, yule pale nyuma ya lile gogo," na ile hasira ya kusimama saa nzima bila kuona kitu inaisha hapohapo. Huko Chicago, mwaka 2019, jozi moja ya kitwitwi ilichagua kutaga Montrose, ufukwe wa jiji wenye shughuli nyingi kabisa. Tamasha la muziki lililopangwa hapo likafutwa. Ungetegemea jiji zima liwachukie ndege wale. Badala yake wakazi walijipanga kwa zamu kulinda kiota, na ndege wakapewa majina, Monty na Rose. Walikuwa wa kundi la Maziwa Makuu ya huko, ambalo miaka ya 1980 lilishuka chini ya jozi 20.

Na je, kamba hizi zinasaidia? Kwenye pwani ya Atlantiki kitwitwi walikuwa kama jozi 790 mwaka 1986. Leo wamepita 2,000. Kamba peke yake hazikufanya kazi hiyo, kulikuwa na udhibiti wa wanyama wanaokula mayai na mengine mengi, lakini hakuna anayeifahamu kazi ile anayeamini ingewezekana bila kuwatenga ndege na watu wakati wa kutaga.

Mfano mwingine wa kufunga kwa akili uko Yosemite, hifadhi ya taifa huko California. Kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Machi hadi katikati ya Julai, baadhi ya njia za kupanda majabali hufungwa kwa sababu ndege kozi wanataga kwenye vipenyo vya miamba. Wafuatiliaji, wakisaidiwa na wapandaji wenyewe, wakishajua jozi imechagua jabali lipi, njia nyingine huweza kufunguliwa kabla ya tarehe. Marufuku inamfuata mnyama, haikai kwenye karatasi.

Lakini nisikudanganye kwamba daima kuna njia ya katikati. Kuna mahali ambapo mguu wako wenyewe ndio hatari, hata ukitembea polepole na hata kama hakuna ndege wa kumsumbua. Misitu ya miti iitwayo kauri huko Nyuzilandi inauawa na kimelea cha udongoni kinachosafiri kwenye tope la viatu, na mti ukishaambukizwa hakuna tiba ya kuuponya. Desemba 2017 wenyeji Wamaori wa Te Kawerau ā Maki walitangaza katazo lao la kimila juu ya msitu wa milima ya Waitākere, pembeni ya jiji la Auckland, na mwaka uliofuata halmashauri ikafunga sehemu kubwa ya msitu. Njia zilifunguliwa moja baada ya nyingine, baada ya kutandikwa changarawe na mbao ili kiatu kisiguse udongo. Australia kuna kundi la miti ya Wollemi, iliyogunduliwa mwaka 1994 ndani ya hifadhi ya taifa. Iliyokomaa porini haifiki 100, na mahali ilipo panafichwa. Mwaka 2005 ugonjwa wa mizizi ulikutwa humo hata hivyo, na inadhaniwa uliletwa na watu walioingia bila ruhusa. Katika hali kama hizo naunga mkono kufunga kabisa bila kusitasita. Anayetaka kuiona Wollemi anaweza kuiona kwenye bustani za mimea, ambako imeoteshwa kwa makusudi hayo.

Mpaka mmoja ni lazima niuweke, kwa sababu kuna wanaotumia hoja hizi hizi kuhalalisha mambo mengine. Kukosa matembezi kwa miezi minne si sawa na kufukuzwa kwenye ardhi unayoishi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba kuuhifadhi msitu kulitosha kuhalalisha kuwaondoa. Anayetembea kwa burudani anaombwa kusubiri. Anayeishi hapo hawezi kuombwa hivyo, na mamlaka inayowaweka wote wawili kwenye kapu moja inakosea kwa wote.

Kwa hiyo, nenda ofisi ya hifadhi yako, na uende kabla ya msimu kuanza, kamba zikiwa bado hazijawekwa. Uliza ni kitu gani hasa kinachowadhuru ndege katika ufukwe huu: ni miguu, mbwa, magari, taa za usiku, au takataka? Maana kama ni mbwa na takataka, kuwafungia watembeao kwa miguu hakutasaidia sana. Omba waonyeshe kwenye ramani viota vya misimu iliyopita vilikuwa wapi, na kama kamba za mwaka huu zinalingana navyo. Uliza kamba zinatolewa lini endapo mayai yataliwa mapema. Kama jibu ni tarehe ya kwenye kalenda bila kujali kilichotokea, dai lirekebishwe. Uliza pia kama masharti hayohayo yanawahusu wenye magari ya kubeba watalii, waandaaji wa hafla na wenye majengo yanayopakana na ufukwe. Mtembezi akizuiwa na mwenye fedha akaruhusiwa, una haki ya kupiga kelele, na mimi nitapiga pamoja nawe.

Omba hasa ukanda wa mchanga wenye unyevu uachwe wazi pale inapowezekana. Wakikujibu kwamba hawana watu wa kufuatilia vifaranga, na mara nyingi ndivyo watakavyojibu, waambie unajitolea asubuhi mbili kwa wiki na utawaletea wengine watano. Waombe mafunzo na darubini. Na mpaka mtakapokubaliana, heshimu kamba iliyopo, mbwa wako awe kwenye mnyororo wake, na ukimwona ndege akiburuta bawa mbele yako usimfuate. Simama, tazama chini unapoweka miguu, kisha rudi kwa njia uliyojia.